Gauni la Redio ya Natalia

Asubuhi ile Natalia aliamka kabla yangu. Akawasha moto, akabandika uji, akafungua redio. Mtangazaji akawa anasema, na yeye anaimba juu yake. Nikamwambia, leo umeimba vizuri. Akasema, najua. Tukanywa uji, akapangusa vumbi kwenye redio, akaenda kwenye majaruba ya mpunga. Mchana wakamrudisha kwa machela. Hakukaa sana, akatutoka.

Zamani hakuwa anajibu hivyo. Nikimsifu, na yeye yuko jikoni, alikuwa anasema hiyo ni njaa inasema. Tangu tumeoana hapa Kibaoni ni njaa tu. Nikishakula nikamsifu, anasema sasa ni shibe.

Wengi wanamjua kwa kwaya ya akina mama kigangoni, kanisa letu dogo. Yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha, wenzake wanaitikia. Mimi namjua zaidi kwa redio. Aliishonea gauni, kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare za kwaya. Mende walikuwa wanapenda joto la ndani, basi nyuma akaishona kabisa kwa uzi wa nyavu tuliotumiwa kutoka Kapalamsenga. Akaacha mlango wa betri tu.

Mwaka 1998 fundi mmoja, Stanslaus, alikuja kutoka Mpanda na kompyuta ya kanisa. Mtu mzima, kipara, mpole. Akawasha jenereta, akarekodi wimbo wa akina mama. Wakataka kuusikia. Lakini spika zake zilikuwa zimepondwa na magunia ndani ya lori. Zilibaki zile za kuvaa masikioni. Akasema wasikilize mmoja mmoja.

Lusia, mwenzake wa kwaya, akavaa, akacheka peke yake. Wengine wakaanza kugombania. Natalia akakataa kuvaa. Alisema wimbo wameimba wote, watausikia wote. Mimi nilijua lingine. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake, alitaka kujua kama kweli anaimba au mumewe anatafuta mboga. Na kwa hilo alitaka mashahidi.

Stanslaus akauliza kama kuna mtu ana redio. Wote wakamtazama Natalia.

Akaenda nyumbani akaileta, ameibeba kama mtoto. Stanslaus akachomeka waya wa kompyuta kwenye tundu la pembeni. Redio ikanyamaza kabisa. Stanslaus akajikuna kipara, akasema tundu lile ni la kutolea sauti, haliingizi. Itabidi aifungue redio aunge waya ndani, na gauni likatwe.

Redio tulikuwa nayo moja. Vifo tulivisikia humo, na bei ya mpunga. Nikamwambia Natalia tuache. Akamwangalia Stanslaus.

"Fundi," akasema, "ukiiua hii, utahamia kwangu unitangazie vifo wewe mwenyewe, asubuhi na jioni."

"Nitahamia, mama," Stanslaus akasema. "Mnapika nini?"

Wakacheka. Natalia akachukua wembe akakata ule uzi mwenyewe, polepole. Mende wawili wakatoka. Lusia akaniambia, shemeji, kumbe mna wapangaji.

Stanslaus akapasha chuma kwenye mkaa, akayeyusha risasi ya kuungia, akashikiza waya mbili kwenye miguu ya kitufe cha sauti. Natalia alisimama juu yake, anamhemea kisogoni. Redio ikawashwa. Ikaja kwaya, lakini mtangazaji naye yumo, anasoma salamu za watu. Akina mama wanaimba Bwana utuhurumie, yeye anawasalimia wote wanaomfahamu. Lusia alikaa chini kwa kucheka.

Natalia hakucheka. Akashika kitufe cha kutafutia stesheni, akausogeza mshale taratibu mpaka mahali pasipo na stesheni. Mtangazaji akapotea. Wimbo ukabaki.

Ukaanza na sauti yake peke yake. Ilijaza kigango. Hata jenereta huko nje niliisahau. Lusia akasema, huyu nani. Natalia alikuwa ameweka mkono juu ya redio kama unavyompima mtoto homa. Ulipokwisha akamwambia fundi arudie. Akarudia. Akataka tena.

Baadaye alishona lile gauni upya, akaacha tundu dogo lenye pindo zuri, kama la kifungo. Waya bado unatokea hapo. Stanslaus alipokuwa anapita huku alikuwa anatuchomekea wimbo, anakula kwetu, anaenda zake. Sasa redio nimeiweka upande wangu wa kitanda. Napangusa vumbi mimi.

Lakini siku ile pale kigangoni, aliposikia mara ya tatu, aligeuka akanitafuta kati ya watu. Nilikuwa mlangoni. Akasema mbele ya wote:

"Baba Deo, kumbe miaka yote ile haikuwa njaa."