Nanasi la mkebe

Enzi za hali ya hatari ya mkoloni, shangazi yangu alikuwa akikata mananasi katika kiwanda cha mikebe hapo Thika. Siku moja akatuletea mkebe mmoja. Baba akausifia ujuzi huo wa Wazungu mpaka akatuchosha: nanasi likifungwa hivyo haliozi kamwe, linavuka bahari, linaliwa Ulaya! Cucu, nyanya yetu, akautikisa mkebe sikioni.

"Kitu kisichooza si chakula," akasema. Kisha akala vipande vyote, akanywa na maji yake. Sisi watoto tukabaki kunusa mkebe.

Akapangusa mdomo. "Ujuzi wao naukubali. Nanasi la hapa linafika Ulaya. Mimi nikienda Ruiru tu kumwona dada yangu, askari ananidai pasi ya kusafiri."