Tulivyoenda Mitwaba Kumutafuta Kalenga

Nilikuwa kwangu Kampemba, mu Lubumbashi, natwanga sombe, majani ya muhogo, wakati radio ilisema: camion ya mizigo imepinduka karibu ya Mitwaba, Kalenga wa Banza amekufa. Muchi ulinitoka mukononi. Kalenga wa Banza ni ndugu yangu mudogo, miye ni yaya yake mukubwa; kwa batoto ya baba yetu Banza tulibakia babili tu. Simu yake haikupita. Majirani bakaanza kuleta viti vya kilio.

Mujikulu wangu Mireille, mwenye kuniita Kambo juu niko nyanya yake, ni reporter kwenye radio ingine. Alifika akasimama mulangoni.

«Kambo, nani alimuona?»

«Radio imesema.»

«Radio haina macho. Kesho chef wa radio yetu ananituma kule.»

«Basi tunaenda.»

«Na ile magoti yako?»

«Magoti yangu ilikuomba kitu?»

Asubuhi mapema tulitoka Lubumbashi na shofere Dieudonné. Nilifungua kioo, nikafunga, nikafungua tena.

«Kambo,» Dieudonné akaniambia, «ile kioo ilikukosea nini?»

Likasi, nilitaka tupite tu. Mireille akashuka kwa bashofere benye kutoka Mitwaba. Kila mumoja alimuuliza: uliona weye mwenyewe, ao ulisikia? Mwenye kusikia tu, Mireille alimushukuru, akaenda kwa mwingine. Miye ndani ya gari nilikuwa nawaka moto, nikamuambia anapoteza wakati. Hata mumoja hakuona.

Kisha kupita Likasi, vumbi nyekundu na mashimo. Juu moyo usinile, nilimuuliza ile neno reporter inatoka wapi. Alisema Bafransa balilitwaa kwa Baingereza, lakini Baingereza nabo balilitoa kwa Kifaransa ya zamani, na ile ilitoka kwa Kilatini, ile bapadri balisomea misa nikiwa mutoto. Maana yake kubeba kitu na kukirudisha.

«Ni kama muntu wa kutumwa kilio,» nikasema. Kwetu ule muntu hakae kwenye kiti, hakunywe maji, mpaka aseme kifo.

«Ehe. Ila ule anaenda na habari. Miye naenda mikono mitupu, narudi nayo.»

Siku ya pili, Mitwaba. Kalenga alikuwa mbele ya nyumba yake, anamenya muhogo.

«Yaya Marta, unalia nani na ile kitambaa nyeusi?»

«Weye.»

Nikamupiga na sakoshi yangu ya mukononi, kisha nikamukumbatia. Simu yake ilianguka mutoni, njo ile tu. Nilitaka turudi saa ileile, nitoe ile viti vya kilio kwangu.

Mireille hakucheka. «Sasa mwenye kufa ni nani?»

Kalenga akaweka kisu chini. «Majina yangu, kijana mwenye jina langu.»

Jirani yake wa zamani, naye aliitwa Banza, alimupa mutoto wake jina la ndugu yangu, ni desturi yetu. Nilimubeba ule mutoto siku ya ubatizo. Majina ya bantu bote niko nayo kichwani, lakini siku ya radio niliwaza Kalenga wangu tu. Mama ya ule mutoto, Mama Feza, anakaa Lubumbashi, kule Annexe.

«Anajua?» Mireille akauliza.

«Kifo haipite mu simu. Na kama alisikia radio, anafikiri ni miye muzee.»

Mireille alienda mahali camion ilianguka. Alitafuta mwenye kumufunga mutoto macho alipokufa, akamupata, akamuuliza kama mutoto alisema kitu. Alienda mpaka kwenye kaburi. Sikumuambia tena anapoteza wakati.

Njia ya kurudi, kioo ilibakia yenye kufungwa. Chef alipiga simu, anataka kujua mwenye kufa ni nani.

«Mama yake kwanza,» Mireille akasema, akazima.

Annexe, Mama Feza alikuwa analima viazi tamu. Kuniona tu, akatupa jembe, akakuja mbio na mikono wazi.

«Mama Marta, pole. Nilisikia juu ya Kalenga wenu. Kesho nilikuwa nakuja kwako, tulie pamoja.»

Akaleta kiti. Akaleta maji.

Nilikaa chini, kwa udongo. Kikombe alininyooshea, sikunyoosha mukono.

Akatazama kiti, akatazama mikono yangu. Naye akashuka chini pole pole, maji inamumwangikia.

«Sema,» akasema.

Nikasema. Akauliza nani alimufunga mutoto wake macho, na miye nilikuwa na jina la kumupa: Kabamba, muntu wa kuchoma makaa. Ule alimushika mutoto mukono mpaka mwisho.