Kondoo Alichinjwa, Kesi Ikabaki

Siku isiyonitoka kichwani, mwanangu, ni ile mama yake Anaeli alipopanda njia ya Nkoaranga kwa fimbo yake na kunikuta nachuma kahawa. Nianze nyuma kidogo lakini, maana uzeeni maneno hayaji tena kwa foleni.

Anaeli alikuwa jirani yangu. Tuligombania zamu ya maji ya mfereji, mimi nina matusi, yeye ana jembe. Akanipiga mpini wa kichwa. Nikashonwa, polisi wakamkamata, akanyimwa dhamana, akapelekwa mahabusu mjini. Ukweli ni kwamba zamu ilikuwa yake.

Baba yake hakungoja. Alitoa kondoo zizini kwake, akampeleka kwa mshili, yule mzee wa ukoo anayesuluhisha watu. Kondoo akachinjwa, tukala, tukanywa pombe ya ndizi kwa kibuyu kimoja, nami nikatamka mbele ya wote kuwa nimesamehe. Kwetu, neno likishasemwa juu ya nyama ile halirudiwi. Nikarudi nyumbani najiona mtu mwema kweli kweli.

Ikaja samansi ya kuniita mahakamani kutoa ushahidi. Nikaichomeka darini. Nimeshasamehe, niende kushtaki nini tena? Ya pili nayo nikaichomeka hapohapo. Sikujua kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si yangu, na Jamhuri haikualikwa kula kondoo. Kila tarehe hakimu aliuliza mlalamikaji yuko wapi, kisha kesi ikaahirishwa. Msimu mzima wa kahawa ukapita hivyo. Baba yake Anaeli akaugua, akafariki, tukamzika. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Mwanawe hakuwepo.

Ndipo mama yake akaja. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alisema jambo moja tu.

"Umemsamehe mwanangu mbele ya nyama. Nenda sasa ukamsamehe mbele ya hakimu, maana huko aliko hajasikia."

Nilikwenda kesho yake. Hakimu alinisikiliza kwa muda mfupi kuliko ninaotumia siku hizi kufunga viatu, akaandika kwamba tumepatana, Anaeli akaachiwa. Ni hilo tu lililokuwa likingojewa. Tulipanda mlima pamoja. Tulipofika kwenye kaburi la baba yake, aliniomba nimwache peke yake. Mpaka leo tunasalimiana, na kwenye mfereji ananipisha. Kila anaponipisha naona aibu. Watu husema majuto ni mjukuu. Ya kwangu yamezeeka pamoja nami.

Sasa jana umenionyesha samansi yako. Ulikuwepo kwenye ule ugomvi wa kule mjini Kijenge, na unajua kijana aliyekamatwa siye aliyepiga. Ukaniambia, babu, hakuna haja ya kwenda, redioni wanasema sheria zitabadilishwa, mtu asishtakiwe mpaka upelelezi ukamilike, na kesi ndogo ndogo watu wapatanishwe mapema. Nimeyasikia. Ni mapendekezo mazuri, laiti yangekuwepo enzi zangu. Lakini nimechoka, mwanangu. Sheria nimeziona zikibadilishwa mara nyingi, na kila mara kuna mtu yuko mahabusu anamngoja mwingine ambaye yuko nyumbani anakunywa chai. Huo upelelezi utakamilikaje kama aliyeona hasemi? Hata mapendekezo yote yakipita, hakuna kifungu kitakachokuvalisha viatu.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi sikuwepo, na lililopotea likawa la mwenzangu.

Basi nenda. Ukiambiwa kesi imeahirishwa, uliza tarehe, iandike, urudi tena. Sema ulichokiona, usiongeze chumvi. Na siku ukimsamehe mtu, usiishie barazani kwako, fuata msamaha wako hadi pale anaposhikiliwa. Umesema yule kijana ana baba, naye ni mzee kama mimi. Mungu akupe miguu ya kufika unakoitwa, na kijana yule afunguliwe mlango wa kwao na baba yake mwenyewe, angali hai.