Ukurasa wa Ndiva

Mwalimu Sifael alipostaafu kufundisha jiografia mjini Same, alirudi kwao milimani, juu ya Gonja, na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuongeza na kusahihisha. Kwake ilikuwa msaragambo mtupu. Kila mmoja anakuja na jembe lake, mfereji unazibuka, wote wanakunywa. Humo ndimo alimojifunza kutibu mbegu za tangawizi zisioze shambani. Ukimwambia tovuti ile haiaminiki, alikununia mwezi mzima.

Alijivunia zaidi ukurasa wa ndiva ya kijiji, bwawa linalohifadhi maji ya kunyweshea mashamba kwa zamu. Alikuwa amemhoji Mzee Loth, wa mwisho kati ya waliojua habari za bwawa hilo, kisha akaandika kwamba ndiva ilichimbwa na koo zote na zamu ni za wote. Mzee Loth akafariki wakati wa Pasaka.

Mwaka huo vuli haikunyesha. Maji yakapungua, na watu wa ukoo wa juu wakadai ndiva ni ya babu yao peke yake. Dada yake Sifael, Devotha, mjane, alikuwa na tangawizi upande wa chini. Bila zamu yake ile tangawizi ingekufa, na hakuwa na kitu kingine.

Kikao kilipoitwa, Sifael alikwenda kifua mbele. Mwenyekiti wa kamati ya maji akafungua ukurasa ule kwenye simu akasoma: "Ndiva hii ilichimbwa na ukoo wa juu, nao ndio wenye mamlaka ya kugawa maji."

Sifael akainuka.

"Hayo yamebadilishwa!" alisema. "Tazameni historia ya ukurasa. Mtu asiye na jina ameyaingiza mwezi uliopita!"

Kweli, historia ilionyesha kila kitu. Hapo Sifael alikuwa amepatia. Lakini mwenyekiti akazidi kuteremka na kidole.

"Na haya ya kwanza, Mwalimu, aliandika nani?"

"Mimi."

"Kaka yake Devotha."

"Niliambiwa na Mzee Loth!"

"Mbele ya nani?"

Huko kwao, neno la mpaka au la maji husemwa mbele ya mashahidi, hata mtoto anajua. Sifael alikuwa amekwenda peke yake na simu yake, akaridhika kwamba dunia nzima itasoma. Kamati ikawapa maji watu wa juu.

Nyumbani alifuta ule uongo akarudisha maneno yake. Wahariri wa tovuti wakayaondoa: hayana chanzo cha kuyathibitisha. Akarudisha tena, yakaondolewa tena.

Wiki zilizofuata maji yalipita kando ya shamba la Devotha. Siku alipoanza kung'oa tangawizi changa iliyosinyaa, Sifael alikwenda kumsaidia. Waling'oa mistari kadhaa, kisha Sifael akatoa simu, maana hakuweza kujizuia. Uongo ulikuwa umerudishwa palepale, ila sasa chini yake palikuwa na chanzo: uamuzi wa kamati ya maji ya kijiji.

"Wanasemaje leo, kaka?" Devotha aliuliza bila kuinua kichwa.

"Wameweka ushahidi," alisema Sifael. "Ni kikao chetu wenyewe."