Wivu Nilioubeba Hadi Kisorya

Ipo siku moja ya Kisorya ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nakupa wewe uliyekuja kuniaga na sanduku la sola begani.

Wazazi wetu walipofariki, mkubwa nilikuwa mimi. Niliacha shule nikawa naanika dagaa za watu pale Kibara ili wadogo zangu wapate madaftari. Hilo sijutii. Majura, anayenifuata, alisoma akamaliza sekondari. Baadaye nilipopata kazi ya kupitisha sola nyumba kwa nyumba, nikamwombea na yeye kwa wakala wetu wa Bunda.

Nilimfundisha mwenyewe. Piga hodi, kaa, ulizia mihogo na mvua, kunywa maji uliyopewa, ndipo ufungue sanduku. Na nilikuwa na mbinu yangu niliyoigundua kule Butiama, maana taa ukiiwasha mchana uani haionekani kitu: omba chumba cha ndani, funga dirisha, ingiza familia yote, halafu washa. Watoto walikuwa wanapiga kelele. Mama mwenye nyumba anatazama miguu yake kama vile hajawahi kuiona.

Haukupita muda Majura akanipita. Nikifika Butiama nasikia, "Yule kijana mcheshi yuko wapi?" Musoma, hivyo hivyo. Wakala akinisalimu anaulizia habari za mdogo wangu kabla ya zangu. Tukila pamoja namtazama anavyomega ugali, nawaza: hata kutafuna nilimfundisha mimi. Wivu wangu haukuwa na kelele, mwanangu. Mashati yake ya kazi nilimfulia na kumpigia pasi kama kawaida, na kila kola ilikuwa inaniuma.

Halafu wakala akaniambia nisipopata mteja mwezi ule, nirudishe sanduku. Ndipo nikaenda Kisorya, nikapiga hodi kwa Bibi Nyamumwi, mjane anayeuza dagaa karibu na kivuko. Nikamwamkia, nikanywa maji, nikaomba chumba cha ndani. Nilipogusa tu dirisha, akacheka.

"Na wewe! Watu wa sola mnapendaga kunifungia dirisha. Mnataka niive kama kiazi?"

"Nani mwingine amekuja, bibi?"

"Majura. Anarudi Ijumaa, nimeshamkubalia. Yule anaongeaga mpaka nikasahau dagaa zangu juani."

Nikaondoa mkono dirishani. Nyumba ambamo mwenzako amekunywa maji na kupewa ahadi ni ya kwake. Sisi wauzaji tulilijua hilo bila kuandikiwa. Lakini Ijumaa ilikuwa bado, na sanduku lilikuwa mikononi mwangu. Neno moja lingetosha: yule bado mtoto, kazi haijui. Lilikuwa limeshafika ulimini.

Bibi akanitazama. "Mbona umevimba nilipomtaja?"

"Ni mdogo wangu."

"Ahaa! Kumbe ndiye wewe? Alisema hili la dirisha ni la dada yake aliyemlea. Alikuwa amesimama hapo hapo uliposimama." Akaacha kucheka. "Sikiliza, binti. Ulimbeba mgongoni ili siku moja atembee. Sasa anatembea, unaikasirikia miguu yake? Haya, sema mwenyewe: nichukue kwako leo, au nimsubiri?"

"Msubiri," nikasema. Lilinitoka kwa shida, kama mwiba wa sato kooni.

Usidhani nilitoka pale mwepesi. Njia nzima ya kurudi Kibara nilitamani kumwambia wa bodaboda ageuze. Jioni Majura alipoingia nikamwambia bila kuzunguka, "Nakuonea wivu. Leo nusura nikuchafue kwa bibi wa Kisorya."

Alikuwa anavua kiatu, akabaki nacho mkononi. "Dada, hata mimi nakuonea. Mimi mpaka nichekeshe watu ndiyo wanipe maji. Wewe wanakupa kabla hujaketi."

Mwezi ulipokwisha nilirudisha sanduku, na kumwona analibeba lake kuliniuma. Lakini mpaka leo Majura haendi kwenye nyumba ngumu bila kunipitia kwanza, aniulize aanzie wapi.

Kwa hiyo, mwanangu, siku mwenzako atakapokupita, na atakupita tu, usijifanye hujaumia. Wivu wako mpelekee huyo huyo unayemwonea, umwambie kabla haujakua. Usiuingize kwenye nyumba za wateja, maana huko utauuza pamoja na taa. Mteja akikutajia jina la mwenzako, mrudishie likiwa safi kama alivyokupa. Na uliyemfundisha akifanya vizuri kile ulichomfundisha, jua jasho lako halijapotea. Limepata miguu mingine.

Nenda salama. Mungu aliyetulea bila baba na mama akufungulie milango kutoka Bunda hadi Musoma, usikose maji kwenye nyumba yoyote utakayoingia, na anayekuja nyuma yako akute umemwachia kiti.