Kisogo cha Mama na Uji wa Shangazi Minza

Nilikuwa mtoto wa darasa la pili, pale Dutwa, nilipomfukuzisha shangazi yangu nyumbani. Kila nikikumbuka napandwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao kununua pamba. Zamani tulikuwa na ushirika tu, unapeleka pamba, ukijaliwa unalipwa. Sasa kila mtu mbio, awahi mizani kabla lori halijaondoka. Siku moja baba alijaza mkokoteni wa ng'ombe, mama akakaa juu ya mafurushi. Lori likapiga honi, ng'ombe wakashtuka, mama akaanguka chali na kisogo kikagonga jiwe. Akakaa kidogo, akainuka, akajipangusa vumbi.

"Sijafa, twendeni!" akasema, akicheka.

Damu hakuna, basi tukasahau. Jioni Shangazi Minza akampikia uji wa mtama. Alikuwa dada yake baba, mjane asiye na mtoto, akiishi nasi.

Siku ya tatu tumbo la mama likagoma. Alichokula alikitapika. Mara choo kimefunga na tumbo limejaa gesi, mara linaachia na anashinda vichakani. Zahanati wakauliza amekula nini. Baba akataja ugali, akataja michembe, akataja mlenda. Kuanguka hakukutaja! Linalouma ni tumbo, nani angekumbuka kisogo?

Ndipo tukaenda kwa nfumu, mganga anayetazama kwa kuku. Mama akatema mate mdomoni mwa kifaranga, mganga akakipasua, akachokoachokoa utumbo kwa kijiti mpaka akapata doa jeusi.

"Kalishwa kitu," akasema. "Na aliyemlisha ni wa nyumbani."

Baba akatugeukia. "Siku ile ya pamba nani alimpa chakula?"

Mimi na kimbelembele changu nikajibu, "Shangazi alimpa uji."

Kweli tupu, na sijawahi kusema uongo uliodhuru mtu kama kweli ile. Shangazi alipoulizwa nyumbani hakulia.

"Kaka, mkeo kagonga kichwa," akasema. "Macho yenu yalikuwa wapi?"

Siku nzima hiyo ndiyo kauli pekee iliyokuwa na akili, na hakuna aliyeisikiliza. Baba akamwambia aondoke kabla kijiji hakijasikia, maana sote tulijua wanawake wanaoitwa wachawi hufanywa nini huku kwetu. Alfajiri akajitwika sanduku lake, akaenda Mwamanyili kwa ndugu wa mbali. Baba aliona amemwokoa dada yake. Pengine ni kweli, na hilo nalo linaniudhi.

Balaa lenyewe ni kwamba mama alipona. Polepole, wiki baada ya wiki, chakula kikaanza kukaa. Watu wakasema, si mnaona?

Miaka mingi baadaye mwanangu alianguka na pikipiki. Jeraha la kichwa likafunga, lakini tumbo likavurugika vilevile kama la bibi yake. Daktari akaniambia ubongo na utumbo huzungumza muda wote kupitia mishipa ya fahamu, na kichwa kikipigwa, mazungumzo hayo yanaweza kuparaganyika. Nikamsimulia habari za mama.

"Siwezi kumsemea mgonjwa ambaye sikumpima," akasema. "Lakini mimi ningeanza na kichwa."

Baba alikuwa ameshafariki, nikaenda kwa mama siku hiyohiyo. Alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua uso.

"Daktari wako kasoma, sawa. Mbona nilipona Minza alipoondoka?"

Nikaeleza, nikarudia, nikapandisha sauti, jambo ambalo si adabu kwa mzazi. Akaniambia nisimletee habari za tumbo tena.

Basi nikaenda Mwamanyili peke yangu. Shangazi amezeeka, anaishi kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu. Nikapiga magoti kumwamkia, nikamweleza yote, hata kwamba ni mimi niliyetaja uji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

"Ulikuwa mtoto, mwanangu. Wewe sikukuhesabia kosa kamwe." Kisha akanikazia macho. "Na mama yako umemweleza hivihivi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kasemaje? Naweza kurudi?"