Tepu Nyeusi Juu ya Taa ya Injini

Jumanne jioni nilirudi gereji moja pale mtaa wa Free Area mara ya tatu, mtoto nimembeba, kwa sababu ile taa ya injini kwenye dashibodi ilikuwa imewaka tena na gari linakata nguvu kila nikipanda mlima wa Dundori kwenda kwa mama, na lori nyuma yangu linapiga honi kama limenunua barabara.

Fundi hakufungua hata boneti. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akakata tepu nyeusi kwa meno, akaibandika juu ya taa na kuipapasa kwa kidole gumba.

"Haya mathe, haitakusumbua tena."

"Na injini?"

"Injini iko sawa. Nyinyi wamama mnaogopa taa sana."

Ndiyo, naogopa, sikatai. Lakini nilikumbuka aliwahi kuniambia kwao pia ni Dundori.

"Basi boss, si unafunga gereji sasa? Panda twende, nikufikishe nyumbani bure."

Aliangalia gari. Akaangalia mawingu. Akapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Wacha tu. Nitachukua boda."

Pikipiki, jamani, kwa ule mlima, na mvua imeshaanza kudondoka. Niliibandua tepu kwa ukucha, nikaenda mlangoni alikobandika kikaratasi cha "fundi wa magari", nikaibandika juu ya neno "fundi".

"Haya," nikamwambia, "sasa haitamsumbua mtu tena."

Mimi na mtoto tukaliacha gari pale pale, tukaenda stendi ya matatu kwa miguu.